Matarishi wa Shibe

Wahenga walisema, "Shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza." Kwa methali hii twajua kuwa wazee wetu waliitambua nguvu ya mambo hayo mawili juu ya mwanadamu. Lakini ni nani amwambiaye mlaji kuwa sasa ameshiba? Watu wengi hudhani ni uzito wa chakula tumboni tu. Sivyo.

Mwaka 1902, mjini London, William Bayliss na Ernest Starling walimlaza mbwa kwa dawa, wakakata mishipa ya fahamu ya kipande cha utumbo wake, kisha wakatia asidi ndani yake. Kongosho ikatoa maji yake ya kumeng'enyea chakula, ingawa hapakuwa na njia ya kupeleka habari ila damu. Kumbe utumbo una matarishi wake! Mwaka 1905 Starling aliwaita homoni. Mwaka 1973, huko Marekani, James Gibbs, Robert Young na Gerard Smith waliwadunga panya homoni ya utumbo iitwayo kolesistokinini, na panya wakala kidogo kuliko desturi yao. Mwaka 1999 Masayasu Kojima na Kenji Kangawa wa Japani walimgundua tarishi wa njaa, grelini, atokaye tumboni. Huyu huzidi kabla ya kula, na hupungua baadaye.

Elimu hiyo yatuhusu. Tazama Kibera au Kawangware, jijini Nairobi, wakati wa jioni. Githeri hutaka muda mrefu motoni, na makaa ni fedha. Basi atokaye kazini hununua chipsi au mandazi kando ya njia, akateremshia soda. Chakula laini huliwa upesi, lakini matarishi wa shibe huhitaji muda. Wafikapo ubongoni, sahani imekwisha kuwa tupu. Sukari ya kinywaji nayo hupita bila kushibisha sana. Maharagwe, kwa protini na nyuzinyuzi zake, huwapa matarishi nafasi ya kutimiza kazi.

Zamani unene ulihesabiwa kuwa dalili ya mali. Nchini Kenya, wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliozidi uzito walikuwa 25 katika kila 100 mwaka 2008–09; mwaka 2014 walifika 33. Tena, katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, watafiti wamemkuta mama mnene na mtoto aliyedumaa chini ya paa moja. Unene na uhaba vyaweza kulala nyumba moja.

Kwa hiyo tusimcheke mnene kwa kumwita mlafi. Mtu apunguapo uzito kwa kujinyima, grelini huongezeka katika damu yake, na njaa humwita kwa sauti kubwa zaidi. Kujizuia ni kwema, lakini hakutoshi palipo na chakula duni na kipato kidogo. Amtakiaye jirani yake afya amsaidie kwanza kupata chungu cha maharagwe na makaa ya kukipikia.