Hostis: Mgeni Aliyegeuzwa Adui

Leo tuiweke siasa pembeni kidogo, tuzungumzie neno. Neno lenyewe ni la Kiingereza, "hostility". Sisi waandishi wa habari tukilikuta kwenye habari za mashirika ya nje tunalitafsiri haraka haraka: uadui, uhasama, basi tunaendelea. Lakini neno hili lina historia, na kwa maoni yangu historia hiyo inatuhusu.

Asili yake ni Kilatini, hostis. Kamusi zitakwambia hostis ni adui. Ni kweli, ila haikuwa hivyo tangu mwanzo. Katika sheria za kale za Warumi, zile Mbao Kumi na Mbili za mwaka 450 hivi KK, hostis ni mtu wa nje tu. Sheria ile inataja siku iliyopangwa kwa kesi kati ya Mrumi na mtu huyo. Yaani mgeni alikuwa na haki ya kusikilizwa! Adui wa vitani alikuwa na jina lake mwenyewe, perduellis.

Mwaka 44 KK, Cicero aliligusia jambo hili katika De Officiis, kitabu chake kuhusu wajibu. Anawasifu wahenga wake kwamba walimwita adui kwa jina la mgeni ili kupunguza ukali wa jambo lenyewe. Lakini anakiri kuwa baada ya muda neno lenyewe ndilo lililokuwa kali. Mnaona? Neno la upole halikumlainisha adui, bali adui ndiye aliyeliharibu neno. Mgeni akabaki na jina jingine, peregrinus.

Cha kushangaza zaidi, mzizi ule ule ndio uliozaa "guest", yaani mgeni, pamoja na "hotel" na "hospital". Mgeni na adui wametoka tumbo moja.

Sasa turudi kwetu. Kiswahili kina neno moja, mgeni, kwa yule tunayempikia na kwa yule tusiyemjua. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni neno zuri, lakini hata hostis lilikuwa zuri.

Mei 2008 huko Afrika Kusini watu zaidi ya 60 waliuawa katika mashambulizi dhidi ya wageni, na baadhi ya waliouawa walikuwa raia wa nchi hiyo hiyo. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, Waafrika kutoka nchi nyingine walikuwa wakiitwa makwerekwere kwa dharau. Dharau ilitangulia, moto ukafuata.

Ndiyo maana nikisoma kichwa cha habari kinachosema wageni "wamevamia" soko au "wanatunyang'anya" kazi, nashtuka. Nani kavamia? Kwa silaha gani? Mara nyingi ni mtu aliyekuja kutafuta riziki, kama shangazi zetu na kaka zetu walivyokwenda kwa watu.

Maneno hayageuki yenyewe, tunayageuza sisi, na sisi wenye kalamu ndio tunaotangulia. Je, wajukuu wetu wakifungua kamusi, watakuta mgeni maana yake nini?