Hadithi za Mikasa na za Picha: Historia Yake na Nafasi Yake Darasani

Mwalimu wa Kiswahili katika Uganda huanza kazi yake akiwa na deni ambalo hakulikopa yeye. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Lakini raia wengi walikuwa wamekwisha kuisikia lugha hiyo vinywani mwa askari, nayo ikabaki masikioni mwao kuwa lugha ya amri na vitisho. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakubali kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Basi maazimio yamekwisha kupitishwa. Lakini hakuna azimio liwezalo kumfanya mtoto aipende lugha. Mtoto huipenda lugha siku ile anapoona ndani yake kitu akitakacho mwenyewe.

Katika makala hii twapenda kueleza kwa ufupi historia ya hadithi za mikasa na za picha katika Kiswahili, na kuwasihi walimu wenzetu waziingize madarasani bila kuona haya.

Kwanza yatupasa tukiri kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa tukifundisha ngeli, tulimkuta mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili akisoma kitu chini ya dawati. Tulikichukua kwa hasira mbele ya wenzake. Kilikuwa ni Kisiwa chenye Hazina, kitabu kilichochakaa, hakina jalada, na kurasa zake za mwisho zimenyofoka; mjomba wake, dereva wa lori, alikipata Mombasa. Jioni tulipokifungua nyumbani, tuliona pembeni mwa kurasa maneno yaliyoandikwa kwa kalamu ya risasi: nanga, tanga, nahodha, gati, na mbele ya kila neno maana yake kwa Kiganda. Mwanafunzi huyo ndiye tuliyempa alama 22 kwa 100 katika mtihani wa muhula, na pembeni tukaandika kwamba hana bidii. Kesho yake tulimrudishia kitabu chake. Hakuuliza kwa nini tulimnyang'anya. Aliuliza tu, "Samahani, mwalimu, ile hazina waliipata?"

Tangu siku hiyo tulianza kuuliza vitabu vya namna hii vimetoka wapi, na kwa nini shule zetu hazinavyo.

Ukweli ni kwamba mikasa si mgeni katika Kiswahili. Kabla ya kitabu chochote kupigwa chapa, watoto wa pwani walilala wakisimuliwa safari za majini, majoka na masultani. Mwaka 1870 Edward Steere alitoa huko London mkusanyo wa hadithi alizozipokea kwa wasimulizi wa Unguja. Mojawapo ni ile ya Sultani Majinuni na Nunda mla watu: paka wa nyumbani aachwaye ale kuku, kisha mbuzi, kisha watu, hata anakuwa adui wa mji mzima. Mtoto mdogo wa sultani huenda porini kumtafuta, na kila mara huleta mnyama aliyemwua, kila mmoja akiwa mkubwa kuliko yule wa kwanza, na mama yake humjibu kwamba huyo siye. Mwalimu yeyote aliyepata kuisoma hadithi hii mbele ya darasa ajua kwamba, ifikapo mara ya tatu, wanafunzi hulijibu jibu la mama kabla yake. Hapo wamekwisha kujifunza ukanushi pasipo kuuona ubao.

Baadaye zikaja tafsiri. Mwaka 1929 Frederick Johnson, aliyekuja kuwa katibu wa kwanza wa ile Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930, na ambaye walimu humjua zaidi kwa kamusi iliyotolewa mwaka 1939, alitoa Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani. Ya kwanza ni kazi ya Robert Louis Stevenson iliyotoka kitabu mwaka 1883. Ya pili ni ya Rider Haggard, ya mwaka 1885.

Asili ya vitabu hivi viwili ina fundisho kwetu sisi walimu. Mwaka 1881, katika siku za mvua huko Scotland, Stevenson alikuwa pamoja na mtoto wa kambo aliyependa kuchora na kupaka rangi. Ikachorwa ramani ya kisiwa ambacho hakipo duniani, na Stevenson alipoitazama ramani ile ndipo watu wa hadithi walipoanza kumjia. Yaani picha ilitangulia, na maneno yakafuata. Haggard naye, husimuliwa, aliandika kitabu chake baada ya kubishana na nduguye kama angeweza kutunga hadithi ya kulingana na ile ya Stevenson. Naye pia akatia ramani katika hadithi yake. Basi anayesema kwamba picha ni kitu cha kumpumbaza mtoto asisome, na atuambie hadithi hizi zingepatikanaje bila karatasi iliyochorwa.

Hata hivyo hatupendekezi kila kitu kipokewe kama kilivyo. Katika Mashimo ya Mfalme Sulemani Wazungu watatu huja Afrika, na mwisho huondoka na almasi mifukoni mwao. Kitabu kilitoka mwaka uleule ambao Mkutano wa Berlin ulimalizika. Wako wenzetu waonao kwamba kitabu cha namna hii kisiguswe kabisa. Rai yetu ni tofauti: mtoto na akisome, kisha aulizwe. Almasi zile zilikuwa za nani? Kwa nini Ignosi, ambaye ni mfalme wa haki katika nchi yake, anaingia katika hadithi kwa jina jingine, akiwa mtumishi wa wageni? Tulipouliza hivyo darasani, mabishano yalizidi kipindi, na wanafunzi ambao kwa kawaida hukimbilia Kiingereza walibishana kwa Kiswahili, kwa kuwa maneno waliyoyahitaji walikuwa wameyapata humo kitabuni.

Pamoja na tafsiri, wenyeji nao walishika kalamu. James Mbotela alieleza katika Uhuru wa Watumwa, mwaka 1934, misafara ya watumwa na maisha ya waliokombolewa huko Frere Town, Mombasa. Yuko apaswaye kusoma kitabu hicho kwa macho mawili, maana chamsifu mno Mwingereza. Lakini mikasa yake ni ya watu wetu. Shaaban Robert alitupa Adili na Nduguze mwaka 1952: liwali mwema aliyetupwa baharini na ndugu zake wenye husuda, majini, nyani wawili wenye siri, na mji ambao watu wake wamegeuka mawe. Wengi humfundisha Shaaban Robert kama mwalimu wa maadili tu. Twasahau kwamba katika kitabu hiki alimshika msomaji kwanza kwa ajabu, kisha ndipo akampa mafunzo.

Mwaka 1948 ikaundwa Halmashauri ya Vitabu ya Afrika Mashariki, nayo ikafanya mashindano ya kutunga hadithi za Kiswahili. Mshindi wa kwanza wa mashindano ya 1957-58 alikuwa Muhammad Said Abdulla wa Zanzibar, na hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ikatolewa mwaka 1960. Humo ndimo alimozaliwa Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, ashindaye si kwa bunduki bali kwa kufikiri. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla akafuata na Simu ya Kifo. Katika miaka ya 1970 hadithi za upelelezi zikaenea sana. Ila nyingi, kama zile za Elvis Musiba zilizoanza na Kufa na Kupona mwaka 1974, zina damu na mambo ya watu wazima, nazo twashauri zingoje umri.

Ama kuhusu picha, jirani zetu Wakenya walimpata Juha Kalulu, aliyechorwa na Edward Gitau tangu miaka ya 1950, akawachekesha wasomaji wa magazeti ya Kiswahili kwa miongo mingi. Watu wengi ambao hawakupata kusoma kitabu kizima cha Kiswahili walimsoma Juha kila siku. Katika visanduku vichache mna mazungumzo, hasira, dhihaka na mshangao, yaani lugha isemwayo, ambayo vitabu vyetu vya sarufi haviionyeshi. Na msomaji asiyelijua neno hutazama uso wa aliyechorwa, akalikisia. Huko si uvivu, ndiko kusoma.

Basi twashauri hivi. Kila mwalimu awe na kasha la vitabu nje ya vile vya mtihani, hata viwe vitano tu. Kwa wadogo, hadithi fupi zenye picha nyingi, na Nunda asomwe kwa sauti. Kwa kidato cha kwanza na cha pili, Kisiwa chenye Hazina. Wachore ramani yao wenyewe na kuiandikia majina. Kwa wakubwa, Adili na Bwana Msa. Kitabu kifungwe kabla ya sura ya mwisho, nao waandike ni nani mwenye hatia na kwa dalili gani. Wala tusiwatoze mtihani kwa kila walichokisoma. Mtoto akijua kwamba kila raha ina maswali kumi nyuma yake, ataikimbia raha hiyo.

Yule mwanafunzi wetu hatukumjibu swali lake. Tulimwambia kwamba kwa kuwa kurasa za mwisho zimepotea, aziandike yeye. Baada ya juma moja alileta kurasa nne. Upatanisho wa ngeli ulikuwa na makosa mengi, na hazina aliifukia upya ili maharamia wasiipate. Kabla ya hapo hakuwahi kutuandikia zaidi ya nusu ukurasa. Tulizisahihisha kurasa zile kwa wino wa buluu, tukaiacha ile kalamu nyekundu mezani.