Mazao funika na gesijoto za udongo

Mazao funika ni mimea inayopandwa hasa ili kuusitiri udongo, ama kati ya mistari ya zao kuu, ama baada ya mavuno, shamba linapobaki tupu. Afrika Mashariki hutumia zaidi jamii ya mikunde, kama vile fiwi, kunde na marejea, mmea ambao Wabenedikto wa Peramiho, mkoani Ruvuma, waliueneza kwa wakulima. Ulaya na Marekani hupenda rai, nafaka inayostahimili baridi.

Faida iliyo wazi ni kaboni, kwani majani na mizizi inayooza huacha sehemu yake udongoni. Uchambuzi wa Christopher Poeplau na Axel Don, uliochapishwa mwaka 2015 kutokana na vipimo vya maeneo 37, ulikadiria ongezeko la wastani wa tani 0.32 za kaboni kwa hekta kwa mwaka, ingawa udongo hatimaye hufikia ukomo wake wa kuhifadhi.

Hesabu huwa ngumu kwenye nitrasi oksaidi, gesi ambayo, kilo kwa kilo, huongeza joto la dunia mara 273 kuliko hewa ukaa katika kipindi cha miaka 100. Hutolewa hasa na bakteria ambao, udongo ulowapo na oksijeni kupungua, hutumia nitrati badala ya oksijeni katika kupumua. Zao funika likiwa hai hufyonza nitrati hiyo, na hivyo huwanyima bakteria malighafi na kuizuia isisombwe na mvua. Likishakatwa, hasa likiwa la mikunde iliyojaa naitrojeni, huoza upesi na kuirudisha kwa wingi, ilhali mabua ya rai iliyokomaa huoza polepole. Ndiyo maana Andrea Basche na wenzake, mwaka 2014, waliona gesi hiyo ikipungua katika asilimia 40 ya vipimo walivyokusanya na kuongezeka katika asilimia 60, na ongezeko lilijitokeza zaidi pale masalia yalipofukiwa.

Kwa hiyo si haki kulihukumu zao funika pasipo kutazama jembe na mfuko wa mbolea. Mkulima anayepanda mahindi mara baada ya kufyeka marejea huiwahi nitrati kabla ya bakteria, na akipunguza urea kwa kadiri ya naitrojeni iliyoachwa na mikunde, huepusha pia hewa ukaa inayotoka viwandani, ambako urea hutengenezwa kwa gesi asilia au makaa ya mawe.