Jeli ya nano kutoka mmea wa sumu yatafutiwa nafasi katika tiba ya jongo

Ugonjwa wa jongo, ambao wengi huuita gauti, hutokea pale asidi ya uriki inapozidi katika damu na kuganda kuwa fuwele zenye ncha kali ndani ya viungo, hasa kidole gumba cha mguu. Maumivu huzuka ghafla, aghalabu usiku, hata uzito wa shuka ukawa hauvumiliki.

Miongoni mwa dawa kongwe za kuyatuliza ni kolkisini, iliyotengwa mwaka 1820 na wanakemia wa Ufaransa, Pelletier na Caventou. Chanzo chake kimojawapo ni Gloriosa superba, mmea utambaao wenye maua mekundu na manjano mfano wa ndimi za moto. Zimbabwe imelifanya kuwa ua la taifa, na wakulima wa jimbo la Tamil Nadu nchini India huulima kwa ajili ya mbegu zinazonunuliwa na viwanda vya dawa. Tanzania na Kenya huota wenyewe.

Shida ni kwamba kipimo kinachotibu na kile kinachoua vimekaribiana mno. Ikimezwa, kolkisini huweza kuleta kuhara na kutapika. Ikizidi, huharibu uboho na moyo. Walio hatarini zaidi ni wagonjwa wa figo, na hao ni wengi miongoni mwa wenye jongo.

Ndiyo maana watafiti wamegeukia ngozi. Dawa hufungwa ndani ya vifuko vya mafuta vyenye upana wa takriban nanomita 100, yaani sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, kisha huchanganywa katika jeli ya kupaka. Vifuko hivyo hunyumbuka, hupenya tabaka la juu la seli zilizokufa na kuiachia dawa taratibu, bila kupitia tumboni. Mwaka 2009 watafiti wa India walichapisha matokeo ya kutia moyo ya vifuko vya aina hiyo, lakini kwa panya, ambao ngozi yao ni nyepesi kuliko ya binadamu.

Hata ikifanikiwa, jeli hiyo itatuliza uvimbe tu. Kupunguza asidi yenyewe kutabaki kazi ya dawa kama alopurinoli, inayotumika tangu miaka ya 1960. Wala mmea wenyewe si wa kuchemshwa nyumbani: nchini Sri Lanka, watu wamekufa baada ya kula mizizi yake wakidhani ni viazi.