Susi Kabla ya Ubatizo

Kwetu Sikonge, ukiuliza kama fulani ni Mkristo, utaambiwa kabatizwa lini na anasali wapi. Mimi hapo humkumbuka Abdullah Susi.

David Livingstone alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Susi, Chuma na wenzao wakauzika moyo wake palepale, wakaukausha mwili juani, wakaufunga kwenye mti na kuubeba. Oktoba wakafika Kwihara, jirani na Tabora mjini. Mwingereza Verney Lovett Cameron akawashauri wamzike hapo, maana mbele kulikuwa na hatari. Ushauri wa maana kabisa. Wakakataa. Februari 1874 wakaufikisha Bagamoyo.

Sasa angalia: Chuma alikuwa amebatizwa tayari, Susi alikuwa Mwislamu. Mzigo ulikuwa mmoja. Nani angewatofautisha kwa mabega?

Susi alibatizwa Zanzibar mwaka 1886, miaka 13 baadaye. Mwislamu akisema upendo ule ulilelewa na dini yake ya kwanza, sina la kumjibu. Ninachojua, kwake upendo ulitangulia, ubatizo ukafuata. Wengi wetu tulianza na ubatizo. Upendo bado tunadaiwa.