Upele: nani kauleta?

Nyumba ikiingiwa na upele, swali la kwanza huwa moja tu: nani kauleta? Na jibu mara nyingi liko tayari. Ni dada wa kazi aliyetoka kijijini, au yule mtoto wa shangazi aliyerudi kutoka bweni. Dada anafungashiwa virago, na wiki tatu baadaye nyumba nzima inajikuna, baba mwenye tai akiwemo.

Kinachonifurahisha katika historia ya upele ni kwamba akina mama waliwatangulia wasomi. Mwaka 1687 daktari Giovanni Cosimo Bonomo, akisaidiana na mfamasia Diacinto Cestoni huko Livorno, Italia, alimwandikia mwanasayansi Francesco Redi barua akieleza kwamba upele unasababishwa na kidudu. Walianzia wapi? Kwa wanawake maskini waliokuwa wakiwatoa watoto wao vidudu hivyo kwa ncha ya sindano. Madaktari wengi waliendelea kulaumu damu mbaya kwa zaidi ya karne nzima. Mwaka 1834, mjini Paris, mwanafunzi Simon François Renucci akakitoa kidudu hadharani, kwa ufundi aliouona kwa wanawake wa kwao Corsica. Sindano tena, jamani!

Lakini kidudu kinahamaje kutoka mtu hadi mtu? Mwaka 1941, mjini Sheffield, Uingereza, mtaalamu wa wadudu Kenneth Mellanby alikusanya vijana waliokataa kwenda vitani kwa sababu ya dhamiri zao. Wakakubali kuambukizwa. Walijifunika mablanketi ya askari wenye upele, wakavaa hadi nguo zao za ndani. Walioupata kwa njia hiyo ni wachache sana. Kulala kitanda kimoja na mgonjwa, ngozi kwa ngozi, ndiko kulikoambukiza. Tena muwasho haukuja kesho yake. Kwa anayeugua mara ya kwanza ulichukua takribani mwezi. Aliyewahi kuugua zamani huwashwa ndani ya siku chache tu.

Hebu sasa mrudie yule dada. Anayeanza kujikuna huenda ndiye wa mwisho kuambukizwa, na aliyeuleta kakaa sebuleni, haoni muwasho wowote, anatoa hukumu. Ndiyo maana tabibu wa zahanati anayeijua kazi yake hutaka nyumba nzima itibiwe siku moja, kwa ile dawa nyeupe ya BBE au nyingine, hata asiyewashwa. Watoto hawana shida. Mgumu huwa baba mwenye tai.