Marekani, Hadibodi na Kiolezo: Pambo la Ukuta Kariakoo

Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Dar es Salaam, haikujengwa na sebule. Ilikuwa na baraza mbele, ukumbi mwembamba katikati, vyumba pande zote mbili, na uani nyuma penye jiko na choo. Katika mitaa hii ya magharibi mwa Mnazi Mmoja, iliyorithi jina la Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, mpangaji alikodi chumba kimoja akakigawa kwa pazia: kitanda nyuma, viti mbele. Ukuta wa mbele ya pazia ndio uliokuwa sebule, na pambo lake lilikuwa kitambaa.

Kitambaa chenyewe mara nyingi kilikuwa marekani, pamba isiyopaushwa. Jina lilitokana na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walioileta Unguja tangu miaka ya 1830. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliwavurugia biashara hiyo, na baadaye pamba ya Uingereza na India ikatamba; jina halikubadilika. Juu ya marekani mwanamke alinakili ua au ndege kwa karatasi ya kaboni, akalidarizi kwa nyuzi za rangi pamoja na maneno ya kumkaribisha mgeni. Kanga za Mtaa wa Uhuru, ambao kabla ya uhuru uliitwa Kichwele, zilikuwa na mpangilio unaofanana na picha iliyotiwa fremu: pindo pembeni, mji katikati, na jina, yaani msemo wake, chini yake.

Miaka ya 1970 ilileta batiki. Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll, iliwapa vijana mahali pa kuchora, kuchonga na kutia vitambaa rangi. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, likahimiza kazi za namna hiyo kama chanzo cha kipato. Batiki ya nyumbani haihitaji kalamu. Sponji ya godoro hukatwa umbo la jani au samaki, huchovywa katika nta ya moto na kugongwa juu ya kitambaa, kisha kitambaa huzamishwa katika rangi iliyochanganywa na kostiki soda na haidrosalfaiti. Penye nta rangi haiingii. Nta ikitolewa kwa maji yanayochemka, umbo hubaki jeupe, na pale ilipopasuka huonekana mishipa myembamba ambayo hakuna mtu anayeweza kuirudia sawasawa. Hicho ni kiolezo kilichogeuzwa: kinazuia rangi pale ambapo kiolezo cha katoni iliyokatwa umbo kingeiruhusu.

Picha yenye jina kubwa zaidi jijini haikutoka dukani kwa vifaa vya sanaa. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora mwaka 1968 akitumia hadibodi ya dari na rangi ya mafuta, ile inayopakwa baiskeli. Kipimo kilichozoeleka, sentimita 60 kwa 60, ni kipimo cha fundi: hadibodi ya futi nne kwa nane hutoa vipande vinane vya futi mbili kwa mbili bila kubakiza hata kidogo. Tingatinga aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, akidhaniwa kimakosa kuwa mhalifu anayetoroka. Wanafunzi wake, akina Ajaba Abdallah, Kasper Tedo, January Linda na Simon Mpata, waliendeleza mtindo huo, na ushirika ukasajiliwa mwaka 1990. Wanunuzi wengi walikuwa wageni, na hadibodi haikunjwi. Ndipo kitambaa kilichotandazwa kwenye fremu kikashika nafasi yake. Nchi hii ilikuwa na desturi ndefu ya kitambaa ukutani, lakini lililoirudisha picha kwenye kitambaa ni sanduku la msafiri.

Kiolezo cha katoni, kwa upande wake, kilikuwa kazi ya waandika vibao na ya wapiga alama za magunia kabla hakijaingia nyumbani. Umbo huchorwa, hukatwa kwa wembe, na vipande vya ndani huachiwa vishikizo vyembamba ili visidondoke. Asiyeviacha hupata herufi O iliyojaa rangi tupu. Sponji huguswa kwenye rangi, hukamuliwa hadi ikaribie kukauka, kisha hupigwa wima. Rangi ikizidi huvuja chini ya katoni, na ukingo huharibika.

Nyumba nyingi za vyumba pande mbili zimebomolewa na maghorofa kusimama mahali pake, na ndani ya maghorofa hayo sebule ipo, yenye ukuta mpana kuliko ule wa mbele ya pazia. Anayetaka kuujaza kwa mikono yake hahitaji kwenda mbali: kitambaa kipo Mtaa wa Uhuru, mbao na rangi vipo kwa wauza vifaa vya ujenzi wa Gerezani, na katoni huokotwa bure mlangoni mwa duka lolote.